Kioo, nyota na penseli: jibu kwa anayetaka kuwa mtafiti wa ubongo

"Shikamoo Profesa. Nina miaka 27, nilimaliza shahada ya saikolojia miaka mitatu iliyopita na sasa nafundisha sekondari. Nataka kuingia kwenye utafiti wa ubongo, hasa kumbukumbu. Habari za Brenda Milner, yule mwanasaikolojia wa Montreal, nimezisoma mpaka naziota. Lakini kila ninayemuuliza ananivunja moyo. Mmoja ameniambia bila mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ubongo, nitakuwa nacheza tu. Mwingine anasema siku hizi mtafiti anapimwa kwa idadi ya makala na mara ngapi wenzake wamemrejelea, na nikianza leo sitawafikia walioanza na miaka 22. Wa tatu amesema Milner mwenyewe alibahatika tu kumpata yule mgonjwa H.M., na bahati haigawiwi. Je, ni kweli? Na mimi nianzie wapi? Jambo la mwisho: mama yangu ana miaka 66, ameanza kusahau ya jana huku ya zamani anayakumbuka vizuri. Kila Jumapili nampima nyumbani kwa orodha ya maneno 15. Nafanya sawa?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa sababu halisubiri: Jumapili hii usimpime mama. Nitakueleza kwa nini nikifika huko, ila hiyo orodha iweke kabatini kwanza.

Sasa hayo mengine. Watu watatu wamekupa kauli tatu, na kila moja ina chembe ya ukweli, ndiyo maana zimekukaa rohoni. Ukizikamua unapata kwamba umechelewa, huna vifaa na huna bahati. Tumchukue huyo huyo Milner unayemwota tuone yeye alikuwa na nini mkononi.

Alizaliwa Manchester, Uingereza, Julai 1918. Mwaka 1936 alikwenda Cambridge kusoma hesabu, akajiona hatafika mbali kwenye hesabu kama alivyotaka, akahamia saikolojia na kumaliza 1939. Vita ikamkuta hapo hapo. Akawekwa kwenye kazi ya kutunga majaribio ya kuwachuja marubani, nani apewe ndege za kupigana angani na nani za kubeba mabomu, baadaye akahamishiwa mambo ya rada. Mwaka 1944 akavuka bahari na mume wake, Peter, mhandisi wa umeme aliyekuwa ameitwa Canada kwenye utafiti wa nyuklia. Huko akapata kazi ya kufundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Montreal, kwa Kifaransa, lugha ambayo si ya kwao.

Hebu piga hesabu. Akiwa na miaka 27, umri wako, alikuwa mwalimu. Hakuwa na uzamivu. Ni baadaye ndipo alipoanza kusoma chini ya mwanasaikolojia Donald Hebb pale Chuo Kikuu cha McGill, na mwaka 1950 Hebb akampatia nafasi ya kwenda kwenye Taasisi ya Neva ya Montreal, kwa daktari mpasuaji Wilder Penfield, kuwachunguza wagonjwa wa kifafa kabla na baada ya upasuaji. Uzamivu aliupata 1952, anakaribia miaka 34. Kwa hiyo huyo anayekuambia umechelewa, muulize umechelewa kulinganisha na nani.

Nisikudanganye lakini. Milner hakuwa mtu aliyetoka popote. Shahada ya Cambridge ilifungua milango, na McGill ya wakati ule ilikuwa na Hebb na Penfield chini ya anga moja, kitu ambacho hukipati kila mji. Mazingira yana uzito. Ninachokataa ni hesabu ya miaka.

Kuhusu bahati, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hadithi ya H.M. watu wameisimulia mpaka imepinda. Wengi wanaisimulia hivi: palikuwa na kijana mwenye kifafa kikali, daktari akamkata ubongo, kumbukumbu ikapotea, Milner akatokea na daftari akaandika, basi akawa maarufu. Mambo hayakwenda hivyo. Kabla ya H.M. palikuwa na wawili wengine, wagonjwa wa Penfield wanaojulikana kwa herufi P.B. na F.C. P.B. alikuwa mhandisi wa majengo na barabara, miaka 46, F.C. alikuwa kijana wa miaka 28 anayefanya kazi ya kukata ngozi za kushonea glavu. Wote wawili walifanyiwa upasuaji upande wa kushoto peke yake, ndani ya ubongo usawa wa sikio, kama ilivyofanyika kwa makumi ya wagonjwa wengine. Hao wengine walitoka salama kwa upande wa kumbukumbu. Hawa wawili hawakutoka salama. Kilichotokea asubuhi, mchana wamekisahau.

Mtu mwingine angeandika "tatizo lisilotarajiwa" na kufunga faili. Milner na Penfield walijiuliza kwa nini hawa wawili na si wale wengine. Jibu walilokisia ni kwamba upande wa kulia wa watu hawa nao ulikuwa umeharibika zamani bila mtu kujua, kwa hiyo daktari alipotoa wa kushoto, mgonjwa akabaki bila hata mmoja. Kisio hilo walilipeleka kwenye mkutano wa madaktari wa neva wa Marekani mwaka 1955, wakaanika waziwazi kwamba upasuaji wao wenyewe umeleta madhara. Huko Hartford, Marekani, daktari mpasuaji William Scoville akasoma muhtasari wao, akampigia simu Penfield: nadhani na mimi ninaye mtu wa namna hiyo. Ndiye H.M., aliyepasuliwa mwaka 1953 akiwa na miaka 27. Kwake Scoville alikuwa ametoa pande zote mbili kwa makusudi, akitumaini kutuliza kifafa.

Unaona bahati ilipopita? Ilipita kwa mtu aliyekwisha kuuliza swali na kulitangaza hadharani. Na lile kisio la P.B. halikuthibitika mpaka alipofariki na ubongo wake ukachunguzwa mwaka 1964: upande wa kulia ulikuwa umesinyaa kweli. Miaka tisa ya kungoja jibu. Wapo watafiti ninaowajua ambao wakikaa miezi tisa bila matokeo wanabadilisha mada.

Jambo la pili linalopotoshwa ni kwamba makala ya Scoville na Milner ya 1957 inasimama juu ya mgonjwa mmoja. Isome. Milner aliwapima watu 9: H.M. wa kifafa, na wengine 8 wenye magonjwa makali ya akili ambao Scoville aliwafanyia upasuaji wa eneo hilo hilo. Wale ambao kisu kilikwenda nyuma zaidi, mpaka kwenye ile sehemu iitwayo hipokampasi, kumbukumbu ilidhurika. Aliyeondolewa sehemu ya mbele tu hakudhurika. Nguvu ya makala iko kwenye ulinganisho huo. H.M. alikuwa mfano ulio safi kuliko wote kwa sababu hakuwa na ugonjwa wa akili wa kuchanganya matokeo, na ndiye aliyebaki midomoni mwa watu.

Fikiria siku yenyewe, tarehe 26 Aprili 1955. H.M. anaingia chumbani. Mlangoni tu ametoka kuongea na daktari mwingine, Karl Pribram, na sasa anakana kwamba kuna mtu ameongea naye. Anaulizwa tarehe, anasema Machi 1953. Umri? Miaka 27, na wakati huo ana 29. Anapewa mtihani wa akili, anapata 112, juu ya alama 104 alizopata kabla ya upasuaji. Basi hakuwa amepungukiwa akili. Alikuwa mpole, anaongea vizuri, anafanya mzaha.

Siku nyingine alipewa namba 584 aishike kichwani, akaachwa peke yake. Baada ya kama robo saa bado alikuwa nayo. Aliulizwa ameishikaje, akaeleza kwa furaha: jumla ya tarakimu zake ni 17, unakumbuka 8, unaitoa, inabaki 9, hiyo 9 unaigawa iwe 5 na 4, basi umeipata, kazi rahisi. Dakika chache akazungumzishwa jambo jingine. Namba ikapotea, na si namba peke yake: hata kwamba aliwahi kupewa namba hakukumbuka.

Hapo ndipo somo lilipo kwa wewe unayependa kumbukumbu. Tunalo neno moja, kumbukumbu, kwa hiyo tunadhani ni kitu kimoja, kama ghala ambalo ama limejaa ama limetoboka. H.M. alionyesha kwamba kushika jambo kichwani kwa kulirudiarudia ni kazi moja, na kulihamisha likae kesho na keshokutwa ni kazi nyingine. Mambo mengi ya utotoni alikuwa nayo. Kilichovunjika ni ule uhamishaji wa mambo mapya.

Kisha Milner akauliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, hakuna hata kitu kimoja kipya anachoweza kujifunza? Akampa nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, nyota ndani ya nyota, na penseli ya kupitisha kati ya mistari hiyo. Kikwazo ni kwamba mkono umefichwa nyuma ya ubao, unauona kwenye kioo tu. Majaribio 10 kwa siku, siku tatu. Kila siku H.M. aliiona kazi hiyo kama mgeni, hakumbuki kuifanya. Ila makosa yalizidi kupungua, na kesho yake mkono ulianzia karibu na pale ulipoishia jana. Siku ya mwisho alishangaa mwenyewe: alidhani itakuwa ngumu, mbona ameiweza. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari. Milner alilichapisha hilo mwaka 1962. Ukimwona bibi anasuka ukili huku anakusimulia mambo ya harusi, macho yako kwako na vidole vinakwenda vyenyewe, mwombe akueleze vidole vinafanya nini. Atakuambia kaa hapa, tazama. Ujuzi wa namna hiyo una makao yake mbali na hipokampasi.

Sasa hesabu gharama ya jaribio hilo. Mimi nawapa wanafunzi wangu kila mwaka: kioo cha kunyolea kutoka sokoni, kipande cha boksi cha kuficha mkono, karatasi na penseli. Penseli ikifika kwenye ncha ya nyota inagoma. Akili inaagiza kulia, mkono unakwenda kushoto. Mwaka jana kijana mmoja alikaa kwenye ncha ya kwanza mpaka karatasi ikatoboka, darasa zima linacheka. Siku ya tatu alikuwa anazunguka nyota huku anabishana na jirani yake habari za mpira.

Kwa hiyo MRI. Mwaka 1955 haikuwapo. Ilipokuja kumpiga picha H.M. miaka ya 1990, ilisahihisha ramani: Scoville alikadiria ametoa sentimeta 8 kwenda nyuma kila upande, picha zikaonyesha kama 5. Ni marekebisho ya maana, na bila picha huwezi leo kusema kwa uhakika sehemu gani ya ubongo inafanya nini. Aliyekuambia habari ya MRI hajakosea kabisa, basi. Ukitaka kudai mahali, utahitaji picha, na utazipata kwa kushirikiana na hospitali iliyo nayo. Lakini mashine inajibu swali, haikutungii. Nimeona picha nzuri za rangi zilizopigwa kwa fedha nyingi bila mtu kujua zinajibu nini.

Tena kuna kazi ambayo mashine haiwezi kutufanyia na wewe unaweza, kwa sababu Kiswahili ni chako. Majaribio mengi ya kumbukumbu yametungwa kwa lugha za Ulaya, nasi tunayatafsiri na kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Chukua jaribio la kurudia tarakimu. Kiingereza kutoka moja hadi tisa kina tarakimu moja tu yenye silabi mbili, ile ya saba. Kiswahili hakina hata moja yenye silabi moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, zote zina silabi mbilimbili. Na inajulikana tangu walipolinganishwa wasemaji wa Kiwelisi na Kiingereza kwamba tarakimu zinazochukua muda mrefu kutamkwa hushikwa chache. Sasa mtu wa Tanga akipata alama ndogo kuliko mtu wa Leeds, tuseme kumbukumbu yake ni dhaifu? Au ulimi wake una kazi zaidi? Halafu wako wanaokariri namba za simu kwa Kiingereza na bei za sokoni kwa Kiswahili. Hao utawapima kwa lugha ipi?

Kule Kilifi kwenye pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo chao cha ukuaji wa watoto wadogo, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa pale anavijua, badala ya kubeba cha Ulaya na kukipaka rangi. Kazi kama hiyo haina mng'ao wa picha za ubongo, lakini bila hiyo hatuwezi kujua malaria iliyopanda kichwani imemwachia mtoto kitu gani. Ungeniuliza mahali pa kuchimba, ningekuonyesha hapo.

Tuje kwenye kupimwa kwa marejeo. Kuna kipimo wanachokiita h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Kama una makala 20 na kila moja imerejelewa angalau mara 20, h yako ni 20. Ni rahisi, na urahisi ndio uliokifanya kipendwe na wakubwa wa ofisi. Lakini tazama: mtu mwenye makala tano tu, kila moja imerejelewa mara 1,000, h yake ni 5. Mwenye makala 20 za kawaida anamzidi mara nne. Zaidi ya hapo, marejeo huzaa marejeo. Mtu akiona makala inatajwa na kila mtu, naye anaitaja, wakati mwingine bila kuifungua, ndiyo maana H.M. anasimuliwa vibaya hivyo. Na kazi ikishakuwa sehemu ya elimu ya kawaida watu huacha kuirejelea kabisa. Nani leo anaweka tanbihi akisema damu inazunguka mwilini?

Makala ya 1957 imerejelewa mara maelfu. Ila ukitaka kuona athari yenyewe, fuata watu waliokosa usingizi kwa ajili yake. Wanasayansi wa wanyama walijaribu kuwatoa nyani hipokampasi ili wapate hali ya H.M., na kwa karibu miaka 20 haikupatikana vizuri, kwa sababu majaribio waliyowapa nyani yalikuwa yale ambayo hata H.M. angeyaweza. Kule kushindwa kuliwalazimisha wafikirie upya maana ya kukumbuka. John O'Keefe, aliyesoma McGill, akaenda London na mwaka 1971 akaeleza seli za hipokampasi za panya zinazowaka panya anapokuwa mahali fulani. Mwaka 2014 akapewa Nobel. Mwaka huo huo yeye, Milner na Marcus Raichle waligawana tuzo ya Kavli. Miaka 57 tangu ile makala. Ongeza wanafunzi wa Milner na waliofanya kazi naye: Suzanne Corkin aliyemfuatilia H.M. mpaka mwisho, Doreen Kimura, Michael Petrides. Na kazi ya Milner mwenyewe ya 1963 kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga kadi kwa rangi, umbo au idadi, ambapo kanuni inabadilishwa kimyakimya na mgonjwa anaendelea na kanuni ya zamani hata akijua anakosea, inatumika hospitalini hadi leo. Hiyo peke yake ingemtosha mtu mwingine kwa maisha yote.

Je, maana yake upuuze idadi? Hapana. Kamati za ufadhili na za kupandisha vyeo bado zinahesabu, ingawa tangu lile Azimio la San Francisco la 2012 taasisi nyingi zimetia saini kwamba zitasoma kazi yenyewe. Utahitaji makala. Ninachokuomba ni usichague swali kwa sababu linatoa makala haraka.

Uanzie wapi? Njia ziko tatu ninazoziona na hakuna iliyo laini. Kwenda nje kwa ufadhili kutakupa mashine, walimu na utulivu. Bei yake ni kwamba kwa miaka mitano utakuwa unajibu swali la msimamizi wako, kuhusu wagonjwa wa kwake, na kurudi ni kugumu kuliko kuondoka. Kusoma uzamili hapa nyumbani kutakuweka karibu na wagonjwa na lugha, lakini ada ni yako, vifaa ni haba, na msimamizi mmoja ana wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasoma. Ya tatu, ambayo watu huidharau, ni kuomba kazi ya msaidizi wa utafiti kwenye mradi unaoendelea, hata wa mwaka mmoja, ujifunze kupima watu mia kwa namna ile ile bila kuchoka na bila kudanganya. Kama una mtu wa kumtunza nyumbani, na inaonekana unaye, ningeanza na hiyo ya tatu kisha ya pili. Usiache ualimu mpaka uwe na barua mkononi. Mafunzo mafupi ya shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, hufanyika Afrika na mengi yana ufadhili. Chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika, SONA, kipo tangu 1993. Fuatilia matangazo yao.

Na angalia hospitali iliyo karibu nawe ina wagonjwa gani. Milner alitumia walichokuwa nacho Montreal, yaani upasuaji wa kifafa. Kule Mahenge, Morogoro, miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliendesha kliniki ya kifafa na akaandika kuhusu watoto wanaotikisa vichwa mbele kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye, ugonjwa kama huo ulipoonekana Uganda na Sudan Kusini, dunia ilirudi kusoma alichoandika. Naye hakuwa na MRI.

Usimguse mgonjwa hata mmoja kwa ajili ya utafiti kabla ya kibali. Kamati ya maadili ya chuo au hospitali, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kama ni utafiti wa afya. Hili halijibiwi kwa maandishi kama haya. Nenda ukakae na katibu wa kamati, mweleze wazo lako hata likiwa bichi, wengi wao wanasaidia. H.M. alichunguzwa kwa zaidi ya miaka 50 na dunia haikujua jina lake, Henry Molaison, mpaka alipofariki Desemba 2008. Alikuwa anasahau kwamba ameridhia. Kulinda mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kumpima.

Basi tufike kwa mama. Nadhani umetafsiri orodha ya Rey, lile jaribio la kumbukumbu la maneno 15. Angalia inachofanya kwa Kiswahili: "mwezi" mama anaweza kufikiria wa angani au wa kulipia kodi, "mto" wa maji au wa kulalia, na "bata mzinga" ni maneno mawili yaliyojifanya moja. Hujui mwanamke wa miaka 66 wa elimu yake na mtaa wake anatakiwa apate mangapi. Ukirudia orodha ile ile kila Jumapili anaizoea, alama zinapanda, nawe unajipa moyo bure. Ukibadilisha orodha zinashuka, unakosa usingizi bure. Na mbaya zaidi, kila Jumapili mtoto wake anageuka mtahini. Mtu mwenye wasiwasi husahau.

Kusahau ya jana na kukumbuka ya zamani peke yake hakuniambii anaumwa nini. Ya zamani amekwisha kuyasimulia mara mia. Inaweza kuwa umri tu, inaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, na inaweza kuwa kitu kinachotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, usingizi mbovu, masikio yaliyopungua, hata dawa za mafua na za usingizi anazojinunulia dukani. Siwezi kutofautisha haya kutoka hapa nilipo, wala wewe huwezi. Mpeleke hospitali mwezi huu. Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au maneno yakakwama, usingoje mwezi wala kesho, ni siku hiyo hiyo.

Siku ya kwenda, beba dawa zake zote ndani ya mfuko, na za kienyeji pia. Andika matukio mawili matatu yenye tarehe, kwa mfano siku aliyonunua luku mara mbili au aliyoshindwa kukumbuka njia ya kutoka sokoni. Hayo yatamfaa daktari kuliko alama zako za Jumapili. Nenda na yule anayekaa naye nyumbani kila siku. Na mkiwa ndani, daktari akiuliza, mwache mama ajibu kwanza.